Mrejesho: mabomba ya Likoni yametoka baharini
Wiki iliyopita niliomba msaada kwa sababu tabaka la ramani la mabomba ya maji ya Likoni, Mombasa, nililoliandaa QGIS (programu ya ramani) na kulihamishia EPANET (programu ya kukokotoa mtiririko wa maji mabombani), lilionekana limelala ndani ya maji ya kivuko badala ya kufuata barabara. Nawashukuru sana ndugu zangu mlionijibu, kwani tatizo limekwisha.

Chanzo kilikuwa mfumo wa viwianishi, yaani tarakimu zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Ramani ya zamani ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, nami nikaitangaza kuwa WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kuibadilisha, hivyo kila bomba likasogea takriban mita 300 kaskazini. Niliipa namba halisi ya mfumo wake (EPSG), 21037 ya Arc 1960, kisha nikaihifadhi upya kwa 32737 ya WGS 84, na hata vali iliyo karibu na kituo cha feri ikarudi ukingoni mwa barabara. EPANET hubeba tarakimu tupu za viwianishi bila kujua ni za mfumo gani, kwa hiyo marekebisho haya sharti yamalizwe kabla ya kuhamisha.

Miinuko nayo ilisomwa kwa futi, kiungo (makutano ya mabomba) cha mita 20 kikahesabiwa kama mita 6 hivi, hadi nilipoweka mtiririko katika lita kwa sekunde, kwani EPANET hufuata kipimo cha mtiririko kuamua kama miinuko ni futi au mita.