Mjadala: Wa PCB asome fasihi, wa HKL asome sayansi?

Mwanzisha mada
Assalaam aleikum jamani. Mpwa wangu anaingia kidato cha tano, tahasusi ya PCB: fizikia, kemia, biolojia. Juzi nimemkuta barazani anagawa vitabu vyake vya fasihi kama mtu anayehama nyumba. "Havinihusu tena, mjomba." Ana miaka 17! Binamu yake wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) ndo kabisa, kuachana na kemia kwake ni kama kumaliza deni.

Mwaka 1959 C. P. Snow, mwanasayansi aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya, alitoa mhadhara Cambridge akilalamika kuwa wasomi wa sayansi na wa fasihi hawasemezani. Alikuwa akiwauliza wa fasihi kanuni ya pili ya thamodainamiki, ile ya kwamba joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto, wananuna. Na kwake lile lilikuwa swali jepesi, sawa na kumuuliza mtu kama amesoma Shakespeare.

Ugomvi huo ni wa Waingereza. Sisi umetufikaje? Mvuvi wa Kojani, Pemba, anajua mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji ni bamvua, yanajaa na kupwa sana, maana jua na mwezi vimekaa mstari mmoja. Katikati yake maji mafu. Mwezi huohuo ndio unaomfungulia Ramadhani. Mwambie akutengee upi wa sayansi na upi wa dini. Basi mie nasema wa PCB wapewe japo vipindi viwili vya fasihi, na wa HKL viwili vya sayansi.

Maalim wa fizikia, Wete
Waaleikum salaam. Mwanzo mzuri, lakini usitulaze kwa mashairi. Nina watoto ambao bureti ya maabara wanaishika siku ya mtihani tu. Ukinikata vipindi viwili kwa ajili ya tenzi, hao nitawafundisha saa ngapi? Na wavuvi unaowasifu, miongoni mwao walikuwamo wapiga baruti. Kujua bamvua hakukuwazuia kuvunja matumbawe.

Mtu wa Chake
Maalim, kumbuka kisiwa cha Misali, hapahapa Pemba. Watu wanasema kisiwa kile ni msala wa Nabii Khidhri. Wataalamu wa bahari walikuwa na hoja zao za kuacha baruti, sawa, lakini wavuvi wengi waliwasikiliza vizuri zaidi masheikh waliposhuka na aya za kutofisidi ardhi. Hoja ilikuwa moja, ila mara hii imesemwa kwa lugha yao.

Fundi wa Mji Mkongwe
Mie sina shahada, nina mwiko. Kuna nyumba nilikuwa napiga lipu, kuta za mawe na chokaa. Akaletwa injinia, akaamrisha saruji. Masika mawili tu, ukuta umelowa ndani, lipu inabanduka mabamba mabamba. Chokaa inapumua, saruji inafungia maji na chumvi ndani. Injinia saruji yake anaijua, ukuta wenyewe hakuuliza umejengwa na nini. Akaja msomi wa historia kututetea, naye kila akiulizwa sababu anasema "urithi, urithi". Mwenye nyumba akamcheka. Mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na mie kati ya wawili wale sikupata hata mmoja wa kumweleza mwenye nyumba kwa nini ukuta wake unalia.

Maalim wa fizikia, Wete
Hapo umenishika, fundi. Ukija Pemba niletee kipande cha chokaa ya zamani na kimoja cha saruji. Tutavitia majini wanafunzi waangalie kipi kinanywa na kipi kinakauka, halafu waandike kwa Kiswahili cha kumfahamisha mwenye nyumba. Wa HKL nao waje.

Lakini kipindi kimoja tu. Si viwili.