Nimemaliza shahada, nataka kuingia kwenye HR: nianzie wakala wa ajira au idara ya kampuni?

Mhitimu Mpya

Habari zenu wakuu. Nimehitimu shahada ya sosholojia na moyo wangu uko kwenye masuala ya ajira na rasilimali watu (HR). Nimepata nafasi mbili na natakiwa kujibu hivi karibuni.

Ya kwanza ni kwa wakala wa ajira. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, ila kuna kamisheni kwa kila mtu utakayemwingiza kazini. Ya pili ni msaidizi wa HR kwenye kampuni ya kawaida: kutunza mafaili, likizo, mikataba, kupanga ratiba za usaili. Mshahara ni mzuri kidogo, kamisheni hakuna.

Ndoto yangu ni siku moja kuongoza idara ya rasilimali watu. Naogopa kwamba kwa wakala nitageuka mtu wa mauzo, na kule kwingine nitazeeka na mafaili. Na je, nianze kusomea vyeti vya taaluma sasa hivi? Naombeni ushauri wa walio ndani.

Mzee wa Usaili

Karibu sana mdogo wangu. Nimefanya kazi kwa mawakala miaka mingi, nikueleze inavyokwenda.

Jambo la kwanza ujue nani analipa. Mteja wa wakala ni mwajiri, siyo mwombaji kazi. Mara nyingi ada ni asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa aliyeajiriwa, na hailipwi mpaka mtu aanze kazi. Akiondoka ndani ya kipindi cha dhamana walichokubaliana, wakala anarudisha sehemu ya fedha au anatafuta mwingine bila malipo. Ukishaelewa hapo utaelewa kwa nini siku nzima ni simu. Unawapigia waajiri wasiokujua kuomba kazi ya kuwatafutia watu, kisha unawapigia watu walio kwenye ajira zao, wasiotafuta chochote, kuwashawishi wasikilize. Kwa hiyo ndiyo, ni mauzo, na asikudanganye mtu. Ila ndani ya mwaka mmoja utakuwa umeongea na watu wa fani nyingi kuliko msaidizi wa HR anavyoweza kuwafikia, na utajua soko linalipa nini kwa kazi gani.

Kabla hujasaini, hakikisha hawachukui hela kwa waombaji kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unazuia wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada au gharama, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Nchi inaweza kuruhusu msamaha kwa makundi fulani, lakini hiyo ndiyo kanuni. Ofisi inayomwambia mtu asiye na kazi alipie fomu, mafunzo ya lazima au "usajili" ndipo imwombee nafasi, usifanye kazi hapo hata wakupe mshahara mara mbili.

Dada wa Mikataba

Namheshimu aliyetangulia, ila mafaili yasidharauliwe. Faili la mfanyakazi ndilo linalofunguliwa siku ya mgogoro. Onyo lilitolewa lini? Alipewa nafasi ya kujieleza? Kipindi cha majaribio kiliongezwa kwa maandishi au kwa mdomo tu? Hapo kampuni inashinda au inashindwa kesi, na mara nyingi msaidizi ndiye anayejua karatasi iko wapi.

Utakaa kwenye vikao vya nidhamu ukiandika kumbukumbu. Utamwona meneja anayetaka kumfukuza mtu kwa hasira, na utaona mkuu wako anavyomtuliza na kumrudisha kwenye utaratibu. Hilo wakala hawezi kukufundisha, kwa sababu kazi yake inaishia pale mtu anapoingia mlangoni, wakati ya HR ndiyo kwanza inaanza. Kama lengo ni kuongoza idara, sheria ya kazi na mishahara ni lazima uzijue, na zinajulikana kwa kuzishika mkononi kila mwezi.

Kitu kingine ni siri. Utajua nani anaumwa, nani anadaiwa, nani ataachishwa kazi wiki ijayo huku mnakula naye meza moja. Kama huwezi kubeba hayo kimya, kazi hii itakuumiza.

Mchambuzi

Wote mmesema kweli, ila naona mnamwachia ajifunze usaili kwa bahati. Popote atakapoanzia, huo ndio ufundi wenyewe.

Mwaka 1998 watafiti Schmidt na Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye maswali yaliyopangwa ulitabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo ya kupiga stori. Mwaka 2022 mtafiti Sackett na wenzake walipitia upya hesabu za aina hiyo. Makadirio mengi yalishuka, lakini usaili uliopangwa ukakaa juu ya orodha. Maana yake kwako: kabla mwombaji hajaingia, andika maswali yatokanayo na kazi yenyewe, andika jibu dhaifu likoje na jibu zuri likoje, waulize wote maswali yaleyale, na kila msaili atoe alama peke yake kabla ya kujadiliana. Mameneja watakuambia "mimi namjua mtu nikimtazama tu". Wapinge kwa adabu.

Na kuchuja CV ni hatari zaidi, maana hakuna anayekuona. Watafiti Bertrand na Mullainathan walituma CV za kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa zinafanana, majina ndiyo tofauti. Matokeo yao ya mwaka 2004: majina yaliyosikika ya wazungu yalipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya yale yaliyosikika ya Wamarekani weusi. Waliochuja CV zile walikuwa watu wa ofisini tu, kama utakavyokuwa wewe. Ukipewa rundo la CV, weka vigezo kwenye karatasi kwanza, ndipo ufungue ya kwanza.

Mhitimu Mpya

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nimeanza kuelekea kwa wakala kwa sababu ya kukutana na watu wengi mapema, lakini maneno ya dada kuhusu sheria yamenigusa. Niwaulize nini kabla ya kukubali? Na lile la vyeti?

Mzee wa Usaili

Waulize atakayekufundisha ni nani kwa jina, na yeye mwenyewe ana malengo ya mauzo kiasi gani. Anayekimbizana na malengo yake hana muda wako. Uliza walioanza mwaka jana wangapi bado wapo. Uliza kamisheni inahesabiwa mtu anapoanza kazi au mteja anapolipa, na inakuwaje ukiondoka kabla mteja hajalipa. Soma kifungu kinachokuzuia kufanya kazi na wateja wao ukishahama, na muda wake. Wakikwepa swali la kamisheni, nenda kule kwenye mafaili bila kusita.

Dada wa Mikataba

Vyeti visubiri kidogo. CIPD ya Uingereza na SHRM ya Marekani, taasisi za taaluma ya HR zinazotoa vyeti, zinaheshimika, lakini masomo yake yanakaa kichwani ukiwa tayari umeona mgogoro mmoja au miwili kwa macho. Muulize mwajiri kama huwa anachangia ada. Wapo wanaofanya hivyo baada ya mwaka wa kwanza. Kwa sasa tafuta sheria ya kazi ya nchi yako, usome sehemu ya mikataba na ya kuachishwa kazi. Ukienda kwa wakala, isome hivyohivyo, maana wateja wako watakuuliza.

Mchambuzi

Naongeza moja tu. Wajibu waliokosa nafasi. Aliyefika kwenye usaili anastahili simu au ujumbe wenye sababu ya kweli, inayohusu kazi. Weka dakika chache za hilo kwenye ratiba ya kila siku tangu wiki ya kwanza, maana kazi zikibana ndilo linaloachwa mapema kuliko yote.