Je, ni busara kumsajili mlinzi wa safu ya mbele aliyevuka miaka 33?

Swali: Habari wanajukwaa. Timu yangu katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, imepoteza walinzi wawili wa kwotabeki (mchezaji anayerusha mpira), nayo inasemekana kumtaka mkongwe wa miaka 34. Je, mkataba wa namna hiyo hauwi mzigo?

Jibu la 1: Ndugu, umri peke yake haukupi jibu. Andrew Whitworth alijiunga na Los Angeles Rams mwaka 2017 akiwa na miaka 35, akatwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mwezi Februari 2022 akiwa na 40, tena dhidi ya Cincinnati Bengals, timu yake ya zamani.

Jibu la 2: Whitworth ni mmoja, wengi hawafiki huko. New York Jets walimchukua Tyron Smith mwaka 2024 akiwa na miaka 33, na shingo ikamtoa uwanjani kabla ya msimu kwisha. Mimi hutazama magoti: mkongwe akianza kuinama kiunoni badala ya kukunja magoti, mpinzani anayemkimbilia kwotabeki kutoka pembeni humzunguka kwa hatua mbili tu.

Jibu la 3: Mzigo hutokana na jinsi mkataba ulivyoandikwa. Kwenye hesabu za timu, bonasi ya kusaini hugawanywa katika miaka ya mkataba, isiyozidi mitano, na mchezaji akiachwa mapema, sehemu iliyobaki huendelea kuhesabiwa katika kikomo cha mishahara, yaani jumla ya juu ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, ingawa hachezi. Apewe mwaka mmoja, na sehemu ya malipo ifuate mechi anazocheza.

Muulizaji: Nashukuru. Huyu wetu amepasuliwa goti mara mbili, kwa hiyo mwaka mmoja naona unamtosha.