Filamu za Othello zote kaziongoza Iago! Nimechoka

Wakuu, salaam. Leo sina utani na uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mdogo wangu wa kidato cha sita kwenye kituo kimoja cha utamaduni hapa Dar. Walitangaza usiku wa Othello, ile tamthilia ya Shakespeare ya jemadari mweusi anayedanganywa na msaidizi wake Iago mpaka anamuua mkewe Desdemona, kiingilio elfu tano. Binti anapenda tamthilia, nikasema ngoja akaione ikichezwa, asiishie kukariri. Taa zikazimwa. Akatokea jemadari wa Venisi, mzungu kapakwa rangi nyeusi tii kuanzia utosini mpaka kwenye vidole, midomo imekolezwa, anatembea kwa kunesanesa huku ananusa ua jekundu. Mdogo wangu akaniinamia sikioni: "Kaka, huyu kajipaka masizi?" Waliokaa nyuma yetu wakamsikia, wakaangua kicheko. Mimi jibu sina.

Ilikuwa filamu ya 1965, Laurence Olivier ndiye Othello. Ilipoisha, mwenyeji akasimama akatusihi tuitazame "kwa macho ya wakati wake". Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na mpaka leo hazijashuka.

Wakati upi? Ira Aldridge, mtu mweusi mzaliwa wa New York, aliigiza Othello ukumbi wa Covent Garden, katikati ya London, mwaka 1833. Paul Robeson, Mmarekani mweusi, akaigiza London mwaka 1930, kisha Broadway kule New York kuanzia 1943, maonesho 296, rekodi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia pale. Kwa hiyo mwaka 1965 hakuna aliyekosa taarifa kwamba watu weusi wanaiweza hii kazi. Walijua vizuri sana. Ya Robeson hakuna aliyeifanya filamu nzima. Tumebakiziwa sauti kwenye santuri.

Na ukitaka uzidi kuumia, panga miaka. Orson Welles, mwongozaji mzungu wa Marekani, alianza kupiga picha za Othello yake 1949, sehemu kubwa Morocco, akajipaka rangi mwenyewe. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya Robeson pasipoti, akakaa miaka minane bila hiyo pasipoti. 1952 filamu ya Welles ikaenda tamasha la Cannes chini ya bendera ya Morocco na kutwaa tuzo kuu, Grand Prix, kwa kugawana na filamu ya Kiitalia. Yaani picha imepigwa Afrika, bendera ya Afrika, Mwafrika pekee asiyehitajika ni yule ambaye hadithi inamhusu! Wasovieti nao, waliokuwa wakimwimba Robeson kila kukicha, wakatoa ya kwao 1955. Nani kacheza? Sergei Bondarchuk, kapakwa.

Welles namheshimu kwa ufundi, nisiwe mnafiki. Fedha zilikuwa zikikata, anasimamisha kazi, anakwenda kuigiza kwenye filamu za wengine apate za kuendelea. Mavazi yalipochelewa kule Mogador (siku hizi Essaouira), akahamishia mauaji ya Roderigo, kibaraka wa Iago, kwenye bafu la mvuke ili watu wajifunge mataulo tu. Ni moja ya vipande bora kabisa vya filamu ile. Lakini mtu anayeweza kugeuza ukosefu wa nguo kuwa sanaa hawezi kuniambia alishindwa kumpata mwigizaji mweusi.

BBC walipofika zamu yao, mpango wa mwanzo ulikuwa kumchukua James Earl Jones, mwigizaji mweusi. Chama cha waigizaji wa Uingereza kikagoma, kisa Mmarekani. Basi 1981 akapewa Anthony Hopkins, mzungu. Na vipodozi vyake.

Sasa nisikilizeni, maana rangi ni nusu tu ya kesi yangu. Fungueni tamthilia yenyewe. Onesho lote la kwanza hakuna anayemtaja Othello kwa jina. Ni usiku, Iago na Roderigo wako chini ya dirisha la baba yake Desdemona wanapiga kelele: huyo Mmoor (mtu mweusi wa Afrika Kaskazini), yule mwenye midomo minene, dume zee jeusi la kondoo. Tunamsikia kwa matusi kabla hatujamwona. Halafu anaingia. Mtu mtulivu, watu wamekuja na panga zimechomolewa na yeye anawaambia kwa upole wazirudishe, zisije zikapata kutu kwa umande. Matusi yote ya Iago yanafia palepale, kwa sababu tumemwona kwa macho yetu. Shakespeare alilipanga hilo makusudi!

Unapomleta Olivier na rangi yake unafanya kinyume kabisa. Unamtoa jukwaani Othello aliyeandikwa, unamleta yule aliyesimuliwa na Iago gizani. Ndiyo maana nasema Iago ndiye mwongozaji. Filamu inaanza kwa kumwamini yeye.

Mtaniambia Iago ana mistari mingi kuliko Othello. Kweli, anayo. (Frank Finlay aliyemcheza 1965 akateuliwa Oscar ya mwigizaji msaidizi, mwenye maneno mengi kuliko wote!) Ila jukwaani watu hawa wawili wanapimana ubavu. Othello akisimama mbele ya baraza kueleza alivyompata Desdemona, sauti inajaza ukumbi na hata Mtawala anakiri kwamba binti yake mwenyewe angenasa. Kamera haipendi hotuba ndefu, inapenda mnong'ono. Inamsogelea Iago puani, anatutazama, anatukonyeza, tunakuwa wenzake. Mwongozaji akianza kupunguza maneno, panga linaangukia hotuba za Othello.

Tazameni ile ya 1995 ya Oliver Parker. Hatimaye, miaka 162 baada ya Aldridge, studio kubwa inampa nafasi mweusi, Laurence Fishburne. Nilipoipata mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi. Halafu nini? Kenneth Branagh, yaani Iago, anaongea na kamera, anashika masizi ya moto na kuifunika lenzi kwa kiganja chake cheusi. Mwishoni anajikokota mpaka kitandani kwenye maiti na kujilaza nao. Hata kifo chao hawaachiwi peke yao! Fishburne ana macho, ana mwili, ana kimya kizito cha kutisha, lakini maneno yake wamemkata kata mpaka jemadari anageuka bubu mwenye wivu.

Na kuna dhambi moja ya filamu hiyo siisamehi. Othello anamkaba Iago akidai ushahidi wa kuona kwa macho. Tamthilia nzima imekaa juu ya kamba hiyo, kwamba hakuna kitu cha kuona. Kuna leso tu ya Desdemona na maneno ya mtu. Parker akatuonesha Cassio, luteni wa Othello, na Desdemona uchi kitandani, eti ni mawazo ya Othello. Ndugu yangu, sisi tumeshaona! Umetupa picha ambayo Iago mwenyewe na ulimi wake wote alishindwa kuitoa.

Leso ile nayo wengi wanaichukulia kama kitambaa cha mafua. Alipewa mama yake Othello na mwanamke wa Misri aliyejua siri za mioyo, ina uganga kwenye nyuzi zake. Ndugu zetu wa Mombasa, ambao leso kwao ni khanga yenye maneno yake, hawahitaji kuelezwa kwamba nguo inaweza kuvunja ndoa. Aliyeelewa hili ni Mhindi, Vishal Bhardwaj, kwenye Omkara ya 2006. Kaipeleka hadithi Uttar Pradesh kwa majambazi wa kisiasa, rangi ikawa tabaka, leso ikawa mkufu wa kiunoni wa urithi wa ukoo. Na mke wa Iago wao ndiye anayemmaliza mumewe kwa mkono wake. Nilisimama kwenye kochi nikapiga makofi. Lakini tuzo za Filmfare zilipokuja, Saif Ali Khan, aliyemcheza huyo Iago wao, akabeba ya mwigizaji bora wa nafasi ya mhalifu, na mpaka leo mtaani watu wanamkumbuka kwa jina lake la filamuni, Langda Tyagi. Jina la shujaa wanakuuliza, "yule nani vile?"

Inayonifanya niwe na haki ya kulalamika imepigwa Johannesburg. Mwaka 1987, Market Theatre, mwongozaji Janet Suzman akamweka John Kani kuwa Othello. Ndiyo, yuleyule mzee aliyekuja kuwa baba yake T'Challa kwenye filamu ya Black Panther. Sheria ya kukataza ndoa za mweusi na mweupe ilikuwa imefutwa miaka miwili tu nyuma, na pale mbele ya watu mweusi anamkumbatia mkewe mweupe. Ikarekodiwa kwa ajili ya televisheni, kamera za kawaida, jukwaa lilelile, hakuna meli wala farasi. Kani Kiingereza si lugha aliyonyonya, ni Mxhosa. Kwa hiyo Othello anapoliambia baraza kwamba mazungumzo yake hayana ulaini, tunasikia mtu anayejieleza kwa lugha ya wenyeji wake, akichagua neno. Iago anapoanza kucheza na maana za maneno unaona kabisa mlango anaopitia. Sijaona filamu yenye bajeti iliyofikia hapo.

Hiyo ndiyo waliyopaswa kutuonesha Jumamosi. Mwenye nakala safi anifuate PM, yangu ina mikwaruzo na sauti inapotea onesho la leso.

Na wale wanaokuja kuniandikia "ni filamu tu mkuu", nendeni mkamwambie mdogo wangu, aliyekaa kimya njia nzima mpaka Mbagala.

Elfu kumi yetu nimeomba irudishwe. Wamenijibu niandike barua.