Wauza gololi za karasha, mmetuzoea vibaya

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la biashara, wachimbaji tunasomana hapa.

Karasha langu, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hapa Geita limesimama tena. Umeme upo, mota nzima, beringi nzima. Kilichonisimamisha ni gololi, mipira ya chuma inayosaga mawe ndani ya pipa, zile nilizouziwa kwa kuapiwa kwamba ni "za kufuliwa, milimita 60, mzigo halisi kutoka nje". Nimefungua pipa nimekuta nusu gololi, robo gololi, na zilizobaki nzima zimetoka pande kama viazi mbatata. Moja imepasuka katikati na ndani yake kuna tundu, ncha ya kidole inaingia, kuta zake nyeusi na zimekwaruza. Chuma kilichofuliwa vizuri hakina tundu la namna hiyo. Hiyo ni gololi ya kumimina kwenye kalibu: nje kuliganda kwanza, ndani kukabaki uji wa moto, uji ulipopoa ukasinyaa ukaacha pango. Mtu wa kalibu anayejua kazi yake huhakikisha pango halibaki ndani ya gololi. Huyu aliyetengeneza hizi alikuwa anawahi lori.

Nikampigia muuzaji. Unajua alichonijibu? "Bosi, wewe ulipimiwa kilo, na kilo ni kilo. Nimekuibia wapi?"

Hapo ndipo damu ilipochemka. Mimi sinunui kilo jamani! Nanunua kusagiwa mawe. Gololi inayosaga mifuko ya kutosha ikapungua taratibu huku ikibaki duara, na gololi inayopasuka kabla mwenye mawe hajamaliza foleni yake, zote ukiziweka kwenye mizani dukani zinasoma kilo. Kuna hesabu ambayo wauzaji wanaikwepa: gololi ya milimita 60 ikilika hadi 30, imebakiwa na sehemu moja ya nane tu ya uzito wake. Maana yake saba ya nane imeshaenda kwenye kazi, na mwenye karasha ameila haki yake. Ikipasuka ikiwa bado na 55, umelipia chuma ambacho kitazunguka humo ndani kama kokoto, kinakula umeme na kukwaruza bati za pipa.

Halafu chuma kinacholika hakipotei angani. Kinaingia kwenye mchanga. Wengi wetu wenye makarasha tunajua maisha yetu yako kwenye marudio, mwenye mawe akishachukua dhahabu yake sisi tunabaki na mchanga tunaoupeleka kuchenjuliwa kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Unga wa chuma kwenye mchanga huo unakula sayanaidi na unakula hewa ya oksijeni ambayo dhahabu inaihitaji ili iyeyuke. Kwa hiyo gololi mbovu inakupiga mara mbili, kwanza dukani, halafu tena kwenye tenki, na ile ya pili huna hata risiti ya kulalamikia.

Sisemi gololi za kumimina zote ni takataka. Zile za kromu nyingi, kuanzia asilimia 10 kwenda juu, viwanda vya saruji vinazitumia miaka yote na zinadumu, kwa sababu kule wanasaga vikavu na kromu inatengeneza chembe ngumu sana ndani ya chuma. Shida ni chuma chakavu kilichoyeyushwa bila kipimo, kikamiminwa, kikapakwa mafuta yang'ae, halafu mtu anakwambia ni ya kufuliwa. Kufuliwa maana yake fito la chuma chenye kaboni nyingi limekatwa, likachomwa likawa jekundu, likapigwa au kuviringishwa hadi likawa duara, kisha likapoozwa ghafla ili ligumuke hadi ndani. Hiyo "hadi ndani" ndiyo pesa yenyewe. Kuna gololi ngumu juu tu, ganda likishalika, kilichobaki kinaisha kama kimeyeyuka, na mwenye karasha anadhani mawe ya msimu huu ni makali.

Na hii stori ya sumaku naomba ife leo. Muuzaji anakutolea kisumaku, kinanata, anakwambia "umeona, chuma safi". Sumaku inashika nondo, inashika msumari, inashika kopo la nyanya! Haina inachokwambia kuhusu ugumu.

Ukienda dukani beba mizani ndogo na tupa mpya. Gololi nzima ya milimita 60 inatakiwa iwe kati ya gramu 860 na 890 hivi. Ya 50 iwe karibu gramu 500 au zaidi kidogo, ya 40 karibu 260. Pima kipenyo kwanza, maana kuna 60 za mdomoni ambazo ni 57. Ukikuta kipenyo kimetimia halafu gramu 790, ndani kuna pango, weka chini uondoke. Kisha piga tupa. Gololi ngumu, yenye 60 na kuendelea kwenye Rockwell (kipimo cha ugumu wa chuma), tupa inateleza na kulia. Laini, tupa inang'ata na unga unatoka. Angalia pia kama ina upande mmoja uliosagwa bapa kidogo, hapo ndipo chuma kilipoingilia kwenye kalibu. Ukiona alama hiyo na bado anaapa kwa mama yake kwamba ni ya kufuliwa, umeshajua unaongea na nani. Ila msizipige gololi kwa nyundo kujaribu, ngumu ikivunjika inarusha vipande, macho hayana spea.

Kuna mdau nilipomlalamikia akaniambia nihamie gololi nyeupe za alumina, aina ya kauri ngumu, ili marudio yasiwe na chuma. Mkuu, zile ni za watu wa vigae na rangi. Uzito wake kwa ukubwa uleule haufiki hata nusu ya chuma. Kwenye mwamba wetu mgumu wa kwazi zitacheza ngoma tu humo ndani.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, dhahabu yangu inapimwa gramu kwa desimali, inapimwa usafi, napewa karatasi, kodi na mrabaha vinakatwa palepale. Sawa kabisa, sina neno. Lakini chuma kilichoisaga hiyo dhahabu nauziwa kwenye kiroba cha sandarusi kisicho na jina la kiwanda, namba ya mzigo, kaboni ngapi, kromu ngapi wala ugumu kiasi gani. Migodi mikubwa hainunui hivyo, wanadai cheti kwa kila mzigo. Sisi kwa sababu tunanunua viroba vichache tunaonekana hatustahili kuuliza.

Mimi nimeshaanza kuuliza. Kabla sijatoa hela nataka iandikwe kwenye risiti: ya kufuliwa au ya kumimina, kipenyo, na kwamba zikipasuka ndani ya muda tuliokubaliana zinarudi. Duka la kwanza walinicheka. La pili jamaa alisema "subiri bosi aje", bosi hakuja.

Kwa hiyo mwenye kujua muuzaji Kanda ya Ziwa anayekubali kuandika hivyo kwenye risiti, aweke hapa kipenyo, bei ya kilo na ameshazitumia kwa muda gani, kwa mawe ya wapi. Weka hadharani wote tuone. Wale wa "njoo inboksi mkuu ninazo orijino", piteni kushoto.