Hadithi ya watoto: kilichoporwa kirudi kwa njia gani?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum wana jukwaa. Ninaandika hadithi ya kusomwa na wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Watoto watatu wa Pemba wanapata habari kwamba siwa (baragumu la kifalme) ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, iliporwa zamani na kupelekwa Uingereza, basi wanajificha ndani ya meli, wanaingia makumbusho usiku na kutoroka nayo. Wanafunzi niliowasomea sura za mwanzo wamezipenda mno, lakini mwenzangu wa hapa skuli ananipinga kwa hoja kwamba ninawafundisha watoto wizi. Mimi naona mtu aliyenyang'anywa chake akakichukua, hakuiba. Nibaki na hadithi ilivyo, au iko njia nyengine ambayo haitaifanya ipooze?

Mzee wa Forodhani

Waalaykum salaam, Maalim. Kabla ya kuingia kwenye wizi, siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu zilitolewa kwenye jumba lake la Dunga zikahifadhiwa katika makumbusho ya hapa hapa Unguja. Watoto wataisoma hadithi kama historia, na siku watakapoonyeshwa siwa yenyewe watauliza ilikwenda lini London. Buni kitu chako mwenyewe.

Ukitaka mfano wa kweli wa karibu, upo wa Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na ambayo hadi leo imo ghalani mwa British Museum. Wazee wa Kipokomo wamekwenda huko, wakafunguliwa ghala, wakaiona ngoma ya babu zao, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inaibana bodi ya makumbusho hayo isitoe vitu vyake ila kwa sababu chache mno. Sioni kwamba sura ya namna hiyo itapooza. Mtoto asimame mbele ya kitu cha kwao, aruhusiwe kukitazama, asiruhusiwe kukibeba. Hapo msomaji wako atakasirika mwenyewe bila ya wewe kumwambia akasirike.

Na huyo anayekitoa usiku, akifika nacho Wete atakiweka wapi? Hawezi kukionyesha hadharani. Atakificha uvunguni, na kijiji kitakuwa kimekikosa mara ya pili.

Binti Mkoani

Nakubaliana na Mzee kuhusu siwa, lakini naomba tusimgeuze Maalim kuwa mwandishi wa barua za serikali. Watoto wanataka giza, wanataka bahari na mtu anayewafuata nyuma. Kinachotakiwa ni kuwapa jambo jengine la kutafuta, nalo ni ushahidi. Anayedai kitu chake huulizwa kwanza: una dalili gani kwamba ni chako?

Tazameni yaliyotokea kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja amesimama mbele ya vigango viwili, yaani zile nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya waliofariki. Baada ya muda mfupi vigango hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy akaona picha za vitu vya makumbusho zikionyeshwa, na kimojawapo kilikuwa kigango kile kile. Cha pili kikaja kugunduliwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa familia ya mzee yule nchini Kenya. Bila ya picha ile, nani angeweza kubisha? Wape watoto wako picha iliyofichwa na mtu, na dalali anayeitafuta ili aichome moto. Mbio zitatosha kujaza kitabu, na hakuna atakayevunja dirisha la watu.

Hata nguvu ya wanafunzi si ya kubuni. Jogoo wa shaba aliyeporwa na Waingereza katika ufalme wa Benin, uliomo Nigeria ya leo, mwaka 1897 alikaa miaka mingi katika ukumbi wa kulia chakula wa Jesus College, Cambridge. Mwaka 2016 wanafunzi wa chuo hicho walipiga kura kutaka arudishwe, akaondolewa ukumbini, na Oktoba 2021 akakabidhiwa Nigeria.

Fundi wa Malindi

Maalim, chukua mlango. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ni watu wangapi wanaitamani! Kwenye kizingiti cha juu mara nyingi huchongwa aya na mwaka wa Hijria, basi huo ni ushahidi tosha. Dalali aung'oe mlango kwa haraka, mfaa, yaani ule mti wa katikati unaoziba pengo la mbao mbili, upasuke, kipande kibakie kwa bibi ambaye anakitumia kuzuia dirisha lisipigwe na upepo. Watoto wakikutana na mlango ughaibuni, watakiweka kile kipande kwenye pengo lake na nakshi zitakamatana. Hapo nani atabisha?

Maalim wa Wete

Nimewasoma nyote, na mlango nimeuchukua. Safari ya usiku siiachi, isipokuwa sasa watoto watavuka kwa jahazi kwenda Mombasa kuifuata picha, na dalali atakuwamo chomboni humo humo bila ya wao kujua. Mzee wa Forodhani, kuhusu mahali pa kuuweka mlango ukisharudi, nafikiri nitawaacha bibi na watu wa makumbusho wazozane sura nzima, maana Nigeria kwenyewe wamevutana juu ya vitu vya Benin, viwe vya serikali au vya Oba, mfalme wa Benin, hadi rais akatoa tangazo mwaka 2023 kumtambua Oba kuwa mwenyewe. Fundi, nakuomba unieleze jambo moja: mfaa hupigiliwa kwenye ubao wa kulia au wa kushoto, na ukivutwa kwa nguvu hupasukia wapi kwanza?

Fundi wa Malindi

Mfaa hukaa kwenye ubao mmoja tu, na ndio unaoufunika ule mwingine, kwa hivyo, kwa kuwa mlango hufunguka kwa ndani, ubao usio na mfaa ndio unaotangulia kufunguliwa. Dalali asiyejua hilo ataanza kuuvuta ule wenye mfaa. Mfaa uupasue penye misumari.