Uliyehamia kisiwani ukitokea bara, tupeane uzoefu

Mtoka Kongwa

Wakuu, habari zenu. Binti mmoja wa ukoo wetu amepangiwa kazi Mafia. Jana kanipigia simu analia, anasema wanamtupa. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Kongwa mkoani Dodoma, nilihamishiwa Mafia mwaka 2016 na nipo mpaka leo. Nimemweleza mawili matatu, lakini nataka asome na ya wengine. Uliyehamia kisiwa chochote kidogo, cha bahari au cha ziwa, tuambie ulikutana na nini. Naanza mimi.

Nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu, tukaiacha barabara ya Kilwa pale Bungu, tukafika Nyamisati mchana. Boti ipo, abiria wapo, mizigo imeshapangwa, na hakuna anayeondoka. Nikamuuliza mzee mmoja tunaondoka saa ngapi. "Maji yakijaa, mwanangu." Nikarudia swali, nikidhani hajanisikia. Akaninyooshea kidole kwenye mkondo ulio katikati ya mikoko: tope tupu, na boti yetu imelikalia. Tuliondoka usiku. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari maishani, na mara ya kwanza nikaivuka gizani, bahasha ya vyeti nimeikumbatia kifuani.

Siku hizi kuna kivuko cha MV Kilindoni na safari imepungua ugumu. Jibu la yule mzee bado naliishi.

Mwezi wa kwanza shuleni niligombana na kijiji. Kila baada ya wiki mbili hivi, kwa siku tatu nne, nusu ya darasa haipo. Niliita wazazi nikafoka. Mama mmoja alisubiri nimalize, akasema taratibu, "Mwalimu, ni bamvua." Sikujua bamvua ni nini. Ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kutoka sana. Yanatoka saa nne, saa tano asubuhi, katikati kabisa ya vipindi vyangu, miamba ya mbali inabaki wazi, na kina mama na watoto wanashuka kuchokoa pweza. Yule pweza ndiye anayenunua daftari ninalomdai mtoto. Sijaacha kuwadai waje shule, na sitaacha. Ila mitihani yangu ya majaribio sasa naipanga siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, na madawati yanajaa.

Mengine kwa haraka, dada yangu. Mvua ya huku ni zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Viatu vya ngozi vitaota ukungu, chumvi italoa kwenye kopo, msumari wowote utashika kutu. Samaki na nazi havitakusumbua. Vitunguu na viazi vinavuka maji kutoka bara, na bahari ikichafuka wakati wa kusi utaona bei yake.

Na kuanzia Oktoba mpaka Machi nenda pwani ya Kilindoni asubuhi. Papa potwe wanasogea karibu kufuata dagaa na vijidudu vya majini, samaki mrefu kuliko daladala, hana habari na mtu. Niliwapeleka wanafunzi wangu. Mtoto wa mvuvi akanishika mkono akaniambia, "Usiogope mwalimu, huyo ni wetu."

Mkunga wa Ukara

Mwalimu, asante kwa kutukumbuka watu wa ziwa. Nimetokea Moshi, nilifika Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwanzoni mwa 2019. Wote mnakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikitokea Bugolora, kimebakiza kidogo tu kifike Bwisya, huku Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Nilifika miezi michache baadaye.

Kilichonipokea ni ukimya. Akina mama waliokuja kliniki, nikiuliza "mumeo yuko wapi" kwa ajili ya kujaza kadi, wananitazama tu. Ilinichukua wiki mbili kuacha kuuliza hivyo. Nikaanza kuuliza, "Nyumbani unaishi na nani?" Wakafunguka. Yeyote anayehamia kisiwani ajue hili: huwezi kukutana na mtu ambaye hajafiwa na maji.

Nilichokipenda ni mashamba. Ardhi ni ndogo, watu wengi, basi ng'ombe wanafungiwa ndani, samadi yote inapelekwa shambani. Mimi mtoto wa kihamba, shamba la ukoo la kwetu Uchagani, niliona kama niko kwetu. Nililia siku hiyo kwa furaha.

Nakuru Damu

Salamu kutoka Kenya. Mimi niko Lamu, mwaka wa saba sasa. Unaacha gari Mokowe, unapanda boti, na ukishuka upande wa pili mzigo wako unabebwa na punda. Njia za mji wa kale ni nyembamba, punda akija na mawe ya kujengea wewe unajibana ukutani au unaingia kwenye daka la mtu, kile kibaraza cha mlangoni. Na ukiingia kwenye daka, huwezi kutoka bila salamu. Ndivyo nilivyofahamiana na mtaa mzima.

Lugha sasa. Nilikuja nikijua Kiswahili, nilipata A shuleni. Siku ya pili nyanya mwenye nyumba ananiita kutoka juu: "Ndoo! Ndoo!" Nikampelekea ndoo ya maji hadi orofani. Akaipokea, akanishukuru, akaniketisha, akanipa mahamri na chai ya maziwa. Kumbe kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, "ndoo" ni "njoo". Hakunisahihisha siku hiyo, alingoja nijue mwenyewe. Adabu ya aina hiyo sikuwa nimeiona kwingine, na nimejaribu kuwalea wanangu nayo.

Mwana Jibondo

Nasoma kimya toka asubuhi. Mimi si mgeni, nimezaliwa Jibondo, kisiwa kidogo ng'ambo ya Mafia kubwa. Naomba mgeni anayekuja asikie na upande wetu.

Kwetu visima vina maji ya chumvi. Twanywa ya mvua tuliyokinga, yakiisha twavusha kwa mashua. Mgeni akija kwangu nikampa kikombe cha maji, asikiache nusu. Hilo tu.

La pili, tukikubaliana kufunga mwamba ili pweza wakue, tunafunga miezi kadhaa na hatushuki, na njaa tunaiona. Mtumishi mwenye mshahara asimtume kijana usiku amvulie pweza wa kitoweo. Imetokea, na ilituuma sana. Mwamba ukifunguliwa karibu, tushuke pamoja, nitakuazima viatu vya plastiki, maana mwambani kuna miiba inayochoma.

Mwalimu, hiyo ya mitihani siku za maji mafu hukutuambia kwamba ulikuja kutuuliza kwanza. Mimi nilikuwepo kikaoni. Nasema ili huyo binti ajue.

Dada Mpangiwa

Kaka, nimesoma yote. Shikamooni wakubwa zangu. Naripoti tarehe mosi. Nije na kitanda? Na kama nikifika Nyamisati nimechelewa?

Mtoka Kongwa

Marahaba mdogo wangu. Kitanda usibebe, mafundi wapo Kilindoni. Beba neti, tochi, mwavuli imara, viatu vya plastiki, na vyeti uvifunge kwenye nailoni mbili. Mwana Jibondo, asante dada, nimesikia.

Usitoke Dar es Salaam siku ile ile ya kuvuka. Fika Nyamisati jioni ya kabla, ulale, uulize watu wa pale maji yanajaa saa ngapi. Ukishaambiwa nitumie ujumbe. Nitakuwa gatini Kilindoni, wifi yako kashaanza kukuna nazi.